Jirani wa Kiti cha Mbele

Nilimwahidi Jirani kwamba nitampandisha milimani Bugarama kabla macho yake hayajazimika. Ahadi hiyo niliitoa nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka lake la vitambaa, huku mtaani kwetu Buyenzi, asubuhi aliporudi kutoka kwa daktari. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, ameshika mmoja wa ile mirija ya karatasi ngumu ambayo vitambaa huviringishiwa, na alikuwa ameuweka jichoni kama mtoto anayecheza.

"Kuya uangalie," aliniambia. "Ndo vile naona sasa. Pembeni kumeisha. Kumebaki katikati."

Nilitazama kupitia mrija ule. Niliona kipande cha barabara, likaingia gurudumu la baiskeli, likatoka. Daktari alikuwa amemweleza kwamba ni presha ya macho, kwamba hata hiyo katikati itafungwa polepole, na kwamba hakuna dawa inayoweza kurudisha kilichokwisha kuondoka.

"Mi siombi mingi," alisema. "Ile kona tu. Unaijua."

Nilisema ninaijua. Nilisema nitampeleka kwa gari letu, na kwamba atakaa mbele, mahali pake.

Jina lake sitaliandika, wala sitasema alizaliwa kilima gani na baba yake alikuwa nani. Sifichi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwita kwa jina. Hata Mama, ambaye huwaita watu wote kwa majina ya wazaliwa wao wa kwanza, alimwita Jirani. Na habari za ukoo wake hazikuwahi kufika katika gari letu, kwa sababu ambayo nitaieleza mbele kidogo.

Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa. Papa alilinunua likiwa limekwisha kutumika na watu wengine, na viti vyake vilikuwa vimepasuka hata sponji ilionekana. Jirani alikuja kulitazama siku ileile. Alilizunguka, akagonga mlango kwa kidole, kisha akarudi dukani bila kusema neno. Baada ya siku chache alileta vifuniko vya viti ambavyo fundi wake wa cherehani alikuwa amevishona kwa kitambaa chekundu chenye picha za miavuli. Kila mwanamke wa mtaa wetu alikifahamu kitambaa hicho, kwa maana kila mmoja alikuwa amekwisha kukikataa. Jirani aliingia, akavivalisha viti kimoja baada ya kingine, akamalizia na kile cha mbele karibu na dereva, akakikalia ili ajaribu kama kimekaa sawa. Hakukiacha tena.

Ndivyo Mama alivyohamia nyuma, kati yangu na dada yangu, na kikapu cha chakula mapajani. Tuliposhika safari alikuwa na neno lake moja, ambalo alilisema kwa sauti ya kutosha kufika mbele:

"Bwana yangu ameisha oa Jirani. Mi nilibaki kuwa bagaji."

"Mama watoto," Jirani alimjibu bila kugeuka, "bagaji inakaa juu ya gari. We uko ndani. Shukuru."

Kila likizo kubwa tulikwenda Ruyigi, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Jirani hakuwa na mtu Ruyigi. Alifika, akala, akalala katika chumba cha wageni, akazunguka sokoni kutazama vitambaa vya wenzake na kuvidharau, kisha akangoja siku ya kurudi. Nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba kila familia hupewa mtu wa namna hiyo pamoja na gari, kama vile gari hupewa gurudumu la akiba. Sasa nimesoma, nimekaa katika madarasa ya chuo ambamo tulijadili kwa siku nyingi nini huwafanya watu kuwa jamii, na bado sijapata maelezo yaliyo bora kuliko lile wazo la utotoni.

Safari zenyewe ninazikumbuka kama mtu anavyokumbuka maji aliyoogelea usingizini. Paji la uso langu liko kwenye kioo, na kioo kinatetemeka hata meno yanawasha. Tunapanda. Joto la Bujumbura linabaki nyuma yetu kama nguo iliyovuliwa, na hewa inayoingia dirishani inakuwa nyembamba, yenye harufu ya mikalitusi na moshi wa majani mabichi. Kilima kinafika, kinatutazama, kinaondoka. Nyuma yake kuna kingine ambacho sijui kama ni kipya au ni kilekile kimezunguka kutungoja. Wanawake wamejitwisha mizigo, wanatembea ukingoni bila kuangalia gari. Ukungu unashuka barabarani, taa za lori zinatokea ndani yake bila lori. Na katika yote hayo, kati ya kulala na kuamka, ninaona kisogo cha Jirani na kofia yake nyeupe, ikiyumba kila kona upande uleule ambao Papa ameugeuzia usukani. Mpaka leo nikitaka kulala mchana, hiyo ndiyo picha ninayoiita.

Alikuwa mwoga wa gari kuliko abiria wote niliowahi kuwaona. Papa alikuwa na breki yake, na Jirani alikuwa na yake: mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kila tulipokutana na lori, na kwa miaka mingi zulia la chini ya mguu huo lililika mpaka bati likaonekana. Papa alimtania.

"Jirani, leo umefunga breki sana. Zitaungua."

"Zangu haziunguagi. Ni zako tunaogopa."

Lakini woga huo ulikuwa kwa ajili ya wengine zaidi. Katika mteremko na mpando ule kuna vijana wa baiskeli ambao kila msafiri anawafahamu: wakishuka na ndizi wanapita kama mawe yaliyorushwa, na wakipanda wananing'inia nyuma ya lori kwa mkono mmoja, baiskeli chini yao, moshi usoni. Kila tulipompita mmoja wao, Jirani alisema polepole, "Kamata vizuri, mwanangu." Vioo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya baridi. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumsikia. Alimwambia kila mmoja hata hivyo, wakiwa watatu mara tatu, na hakuna mazungumzo aliyoyaona kuwa makubwa kiasi cha kutokatizwa na neno hilo.

Dukani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na mikono mifupi, na alipima kitambaa kwa mkono, kuanzia puani hadi ncha ya vidole, ingawa fimbo ya mita ilining'inia ukutani nyuma yake. Wanawake walilalamika mbele yake.

"Jirani, leta mukono ya mutu mwingine."

"Huu ndo mukono Mungu alinipa. We unataka kupima na wa jirani?"

"We si ndo Jirani?"

"Kwako wewe apana. Kwako mi ni muchuuzi."

Aligombana na wateja, na aligombana na mwenye nyumba ya upande wa pili juu ya mfereji wa maji ya mvua; ugomvi huo ulianza kabla sijazaliwa na nina hakika bado unaendelea. Kisha mtu huyohuyo, tukifika soko la Bugarama, alishusha kioo na kununua kila kilicholetwa dirishani. Alinunua zaidi vitunguu vya majani, vile virefu tunavyoviita puaro, mafungu kwa mafungu, na kuyaweka chini ya miguu yake. Nyumbani kwake hakuna aliyeyapenda. Mke wake aliyagawa mtaani au yakakauka nyuma ya jiko. Mama alipomuuliza kwa nini anayanunua, alisema anapenda yanukie ndani ya gari, ili mtu akifumba macho ajue yuko wapi. Wakati ule jambo hilo halikuwa na uzito wowote. Tulicheka, na gari likanuka puaro mpaka Jumapili.

Njia ya kusini hakuipenda. Tulipokwenda Rumonge kununua mawese, ziwa likiwa limelala kulia kwetu muda wote, samawati na kubwa, alilala tulipokwisha tu kupita Kibenga na kuamka tulipofika. Papa alikasirika kidogo, kwa kuwa aliipenda njia ile kuliko zote. "Ziwa naliona kila siku," Jirani alisema. "Unataka niliangalie kwa karibu, nihesabu mawimbi?" Alilitaka kutoka mbali tu, na kutoka mahali pamoja.

Mahali hapo ndipo kona niliyomwahidi. Ukirudi kutoka juu, ukiisha kuipita Bugarama na kuanza kushuka, kuna mahali ambapo mlima unajitenga kama pazia, na ghafla bonde lote la Rusizi liko chini yako: mto umejikunja, mashamba ya mpunga, paa za Bujumbura zinazong'aa, ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo iliyosimama kama kitu ambacho mtu amekichora na hajakimaliza. Mara nyingi tulifika hapo baada ya saa sita mchana. Jirani aliinua kidole. Papa alisimamisha gari bila kuuliza, kwa maana wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia.

Sisi ni Wakristo. Yeye ni Mwislamu. Nilijifunza sala yake kwa kuitazama kupitia kioo cha gari, kama nilivyojifunza barabara. Adhuhuri ni rakaa nne, lakini msafiri ameruhusiwa kufupisha, akasali mbili. Kutoka pale hadi nyumbani ilibaki saa moja hivi, na Papa, ambaye alikuwa na haraka ya kufika, alijaribu kila mwaka.

"Jirani, si tungefika, ukasali nyumbani kwako?"

"Nikisali nyumbani ni nne. Hapa ni mbili."

"Basi fanya hizo mbili, twende."

"Mbili ni za kusali. Zile zingine mbili ni za macho."

Alitandika mkeka wake ukingoni, akasali rakaa zake mbili, akatoa salamu kulia na kushoto. Kisha hakusimama. Alibaki ameketi palepale, mikono juu ya magoti, akitazama bonde kwa muda uleule ambao rakaa mbili nyingine zingechukua. Hakuwahi kuongeza wala kupunguza. Aliona kwamba Mungu amemwachia muda ule, na kwamba si haki auchukue kwa ajili ya haraka. Sijui kama mashehe wangelikubali jambo hilo. Ninajua kwamba gari zima lilinyamaza. Mama alishusha kikapu na kuitazama milima ya ng'ambo, ambako chini yake iko Uvira na kaburi la mama yake. Dada yangu aliacha kunifinya. Papa mwenyewe aliegemea usukani, na haraka yake ikamwisha. Sijawahi kuingia kanisani wala darasani nikakuta ukimya kama ule, wa watu watano waliosimamishwa njiani na imani ya mmoja wao.

Alipoinuka aliniita, akafumba jicho moja, akanyoosha kidole gumba kuelekea mjini.

"Angalia. Pale Kiriri, wakubwa wamekaa. Pale Kigobe. Pale sisi, Buyenzi. Weka kidole. Unaona? Kimefunika wote."

"Na ule mufereji wa jirani mwingine uko chini ya kidole?" dada yangu aliuliza. Alikuwa na ulimi tangu utotoni.

Jirani alifikiri. "Ule apana," alisema. "Ule uko pembeni."

Nimesema kwamba nitaeleza kwa nini hatukuwahi kuuliza asili yake. Katika miaka ile mibaya ya vita, wakati barabara ilifunguliwa asubuhi na kufungwa mapema, kulikuwa na bariyeri nyingi, vizuizi vya askari barabarani, na katika mojawapo askari kijana alituamuru tushuke. Nilikuwa mdogo sana, lakini ninakumbuka ubaridi wa lami kupitia kandambili zangu. Aliuliza swali ambalo katika nchi yetu watu wamelijibu wakafa na wamelijibu wakapona, bila kujua mapema ni lipi litatokea: sisi ni watu wa wapi. Papa alikuwa bado anafungua mdomo. Jirani, yule wa kukanyaga breki ya hewa, alisogea mbele.

"Sisi ni watu wa hii gari, afande."

"Gari si kilima, muzee."

"Kwetu ndo hii. Ingine sina."

Askari alituangalia mmoja mmoja. Aliingiza kichwa ndani ya gari, akaangalia viti vyenye miavuli kwa muda mrefu, kisha akaona mfuko wa machungwa wa Mama. "Na haya ya nani?" Jirani aliuchukua mfuko wote na kumpa, na tukaambiwa tupite. Tulipofika Muramvya Mama alisema, "Ungemupa nusu," na Papa akaanza kucheka, akacheka mpaka akasimamisha gari, na nilipomtazama vizuri niliona kwamba hacheki.

Tangu siku ile swali lile halikuulizwa tena ndani ya gari letu, wala kwa mgeni tuliyempa lifti, wala kwa mzaha. Nimekuwa mtu mzima katika nchi ambayo bado inaliuliza, mara nyingine kwa upole. Mimi hujibu kama nilivyofundishwa.

Papa alifariki miaka michache iliyopita. Siku ya matanga ua wetu ulijaa watu, viti vya plastiki vilifika hadi barabarani, na katikati ya yote gari lilikuwa limesimama mahali pake karibu na ukuta. Jirani alikuja, akatusalimu, akamshika Mama mkono. Kisha alikwenda kufungua mlango wa mbele, akaingia, akaufunga. Alikaa humo tangu asubuhi hadi watu walipotawanyika, kando ya kiti kitupu cha dereva, akiangalia ukuta kupitia kioo. Baadhi ya wageni walinong'ona. Mama aliwaambia wamwache, kwamba hao wawili wanasafiri. Nilimpelekea chai. Aliipokea dirishani na kuniambia maneno mawili tu: "Sasa wewe."

Kwa hiyo nilijifunza kuendesha gari, na nilipokwisha kujifunza, esansi, yaani petroli, ilitoweka. Msomaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa. Msomaji wa mbali ajue tu kwamba kwa miaka hii magari yetu yamelala, kwamba mtu husikia tetesi ya stesheni fulani ya mafuta kupata esansi na kukimbilia mlolongo, na kwamba mara nyingi esansi huisha kabla mlolongo haujaisha. Mlolongo tunauita mulongo, na watu wameposana ndani yake. Nimekaa katika milongo mingi kwa ajili ya Jirani. Kidogo nilichowahi kupata kilikwenda kwa Mama, siku alipohitaji kupelekwa hospitali, na Jirani ndiye aliyeniambia kisiende kwingine.

Mtu atauliza kwa nini asipande basi. Alipanda. Alijifunga kilemba, akabeba mkeka, akaingia katika basi dogo la Gitega, akamwomba dereva asimame kidogo kwenye kona ile wakati wa kurudi. Dereva alikubali kwa adabu na kupita bila kupunguza mwendo, kwa kuwa alikuwa na watu kumi na wanane wenye safari zao. Jirani alikuwa ameketi katikati, debe la mtu mwingine mapajani. Nilipomuuliza aliona nini, alisema ameona shingo. "Shingo muzuri," aliongeza. "Ya mutu ameoga."

Mara ya mwisho tulipokuwa pamoja ndani ya gari ni mwezi uliopita. Habari ilifika asubuhi kwamba stesheni moja ya chini mjini itapata. Nilipokuwa nikilisukuma gari nje ya ua na vijana wa mtaa, ili nisitumie tone lililobaki, nilimwona akija na fimbo, mkeka kwapani, akigeuza kichwa chote kulia na kushoto kama ndege, kwa maana macho hayamgeukii tena. Alipapasa mlango, akakaa.

"Tunaenda?"

"Tunaenda stesheni, Jirani. Tukipata, leo hii tunapanda."

"Stesheni pia iko kwenye njia," alisema.

Tulisukuma mpaka mwisho wa mlolongo. Mbele yetu lilikuwapo lori, na nyuma ya lori palikuwa na turubai la bluu lililofungwa kamba. Mlolongo ulisogea kidogo, tukasukuma, ukasimama. Jua lilipanda. Ndani ya gari lililosimama, Jirani alianza kusafiri. Hakunitazama, alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama alivyofanya zamani na Papa. Hapa barabara inabana. Hapa kuna ule mwanamke wa karoti, sijui kama bado yuko. Punguza mwendo. Mguu wake ulikanyaga bati. Niliegemea kiti, nikafumba macho, na ninakiri kwamba kwa muda fulani nilisikia baridi mikononi, na kilima kilifika na kuondoka. Alisema, "Kamata vizuri, mwanangu," na sikujua kama anamwambia kijana wa baiskeli au mimi.

Dereva wa teksi iliyokuwa nyuma yetu alikuja kuinama dirishani. Alikuwa kijana mcheshi, aliyekwisha kuzunguka mlolongo wote akitafuta wa kumtania.

"Muzee, na hii miavuli munaenda wapi?"

"Ruyigi."

"Ruyigi ya kusukuma? Mutafika watoto wameisha zaa."

"Basi watatupokea wengi," Jirani alisema, na kijana akacheka, akaenda kuwasimulia wengine.

Baadaye adhana ilisikika kutoka upande wa Buyenzi. Jirani alishuka. Nilimsaidia kutandika mkeka juu ya kipande cha boksi, ukingoni, kati ya gari letu na ukuta, na watu wa mlolongo wakasogeza vidumu vyao kumpa nafasi. Nilirudi ndani nikamtazama kupitia kioo, kama zamani. Alisali rakaa ya kwanza. Alisali ya pili, akaketi, akatulia. Nilitazamia salamu. Nilitazamia ageuze uso kulia na kushoto kisha abaki ameketi, na kwa namna ambayo siwezi kuieleza niliamini kwamba akifanya hivyo tutafika.

Alishika goti, akajiinua kwa shida, akasimama kwa rakaa ya tatu.

Alimaliza nne zote. Alipoingia ndani nilikuwa nimeshika usukani wa gari lililozimwa.

"Nilitaka kusali mbili," alisema. "Asubuhi yote nilitaka. Lakini mutu hawezi kumudanganya Mungu juu ya safari. Mi leo niko mujini."

Haukupita muda mhudumu akatoka, akafunga kamba kwenye pampu. Esansi ilikuwa imekwisha. Milango ilifunguliwa mlolongo mzima, watu wakashuka kusukuma. Kijana wa teksi alikuja kunisaidia upande wa nyuma, bila mzaha sasa. Jirani alikataa kushuka. Alisema mtu mzito hukaa mbele ili gari lijue linakokwenda. Nilisukuma nikiwa pembeni ya dirisha la dereva, mkono mmoja kwenye usukani, na tuliweza kuzungumza.

"Usisumbuke," aliniambia. "Papa yako alinipandisha sana."

"Jirani, niliahidi."

"Uliahidi, nilisikia. Haya macho ndo hayakuahidi kitu."

Nimelifikiria jibu hilo kila siku tangu hapo. Nilikuwa nimeipenda ahadi yangu. Niliiona kuwa urithi: gari la Papa, kiti cha Jirani, mimi kwenye usukani, na kona ile kama tuzo ya uaminifu wangu. Lakini ahadi ni yangu na macho ni yake, na macho hayawezi kungoja heshima yangu. Wiki iliyopita nilipita dukani. Alikuwa akimpimia mwanamke kitambaa kwa mkono wake mfupi, na mwanamke akilalamika, na alipomaliza alikishusha kitambaa kama juu ya meza, lakini hatua moja kando ya mahali meza ilipo. Mvua za kwanza zimenyesha. Hewa imesafishwa, na kutoka mtaani kwetu milima ya Kongo inaonekana hadi mikunjo yake. Kutoka juu lazima kila kitu kiko wazi.

Kwa hiyo ninakuomba wewe unayesoma. Ikiwa una gari, na esansi ya kupanda Bugarama na kurudi, pita Buyenzi asubuhi na uulize duka la vitambaa la Jirani. Mtoto yeyote atakuonyesha. Mkalishe mbele. Wakati wa kushuka, ziwa likionekana, simamisha gari, na tafadhali usimharakishe.